Breki Inapolia, Usitafute Kimya: Tafuta Chanzo



Kijana mwenzangu, leo naomba nikupitishe gereji kabla hatujafika kanisani. Mimi ni fundi pikipiki, na lalamiko ambalo halikosi wiki ni hili: "Fundi, breki ya mbele inalia." Kwa muda sasa nimekuwa nikitazama jinsi watu wanavyoihangaikia kelele hiyo, nikaona inafanana mno na jinsi sisi vijana tunavyoihangaikia dhamiri. Ni wachache wanaouliza inalia kwa nini. Wengi wanauliza itanyamaza lini.

Kuna dereva wa bodaboda alikuja na haraka zake, hata hakuzima injini. Akaniambia, "Kaka, we paka hata grisi kidogo. Abiria wananicheka, inalia kama mbuzi." Nikamwambia ukweli: nikipaka grisi pale unapotaka, kelele itaisha leo leo. Na breki nayo itaisha. Breki inafanya kazi kwa msuguano. Pedi inabana diski, au kwenye breki za dramu shuu zinasukuma ukuta wa dramu, vinasuguana, gurudumu linasimama. Ukiweka mafuta hapo katikati umeondoa msuguano wenyewe. Pikipiki itapita kimya, safi kabisa, mpaka siku mtoto atakapokatiza barabara.

Na hiyo ni ya mbele, jamani. Ukifunga breki, uzito mwingi unaegemea mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha.

Sasa jiulize mwenyewe: grisi yako ni ipi? Kuna anayewasha muziki kila anapobaki peke yake, asije akasikia kitu. Mwingine ana ule msemo wa "kila mtu anafanya". Wapo waliobadilisha marafiki, wakawaacha wale waliokuwa wanawauliza maswali. Wapo hata wanaojaza ratiba kwa kazi za kanisa, kwaya, semina, usafi wa parokia, ili wasipate dakika tano za kukaa kimya mbele ya Mungu. Kelele inaisha kweli. Tatizo ni kwamba uwezo wa kusimama unaisha pamoja nayo.

Mfalme aliyepaka grisi

Soma 2 Samweli sura ya 11 na ya 12. Daudi alilala na Bathsheba, mke wa Uria. Mwanamke alipopata mimba, dhamiri ya mfalme ilikuwa na nafasi ya kulia na kusikilizwa. Yeye akatafuta kimya. Kwanza alimwita Uria kutoka vitani alale nyumbani kwake, mambo yafunikwe. Uria alipokataa, Daudi akaandika barua apelekwe mbele kabisa, palipo na mapigano makali, aachwe hapo afe. Barua yenyewe akaibeba Uria kwa mkono wake! Kosa moja likazaa mauaji kwa sababu mtu alitaka utulivu kabla ya ukweli.

Kisha Mungu akamtuma nabii Nathani na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja tu. Daudi akawaka hasira juu ya yule tajiri. Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Kelele ikarudi. Na ninakuomba ulione hili vizuri: siku hiyo Nathani alikuwa rafiki mkubwa kuliko wote waliokuwa ikulu wakinyamaza.

Kwa hiyo dhamiri yako ikilia, usianze kwa kuichukia. Kinacholia bado kinagusana na kitu. Mtu wa kumhofia zaidi ni yule ambaye hasikii chochote.

Siyo kila kelele ni moja

Ila kuna upande wa pili. Wapo wanaosikia mlio kidogo tu, tayari wanataka kubadilisha breki nzima. Fundi mzuri anasikiliza kwanza. Ninaweka pikipiki stendi ya kati, ninanyanyua gurudumu la mbele, ninalizungusha kwa mkono. Ninauliza: inalia unapobana breki, au hata usipobana? Ni mlio mwembamba au inakwaruza? Ilianza lini? Majibu hayo yanaonyesha mahali pa kufungua.

Kelele ya kwanza ni ya asubuhi baada ya mvua. Diski imeshika kutu nyepesi usiku. Ukibana mara mbili tatu ule mkwaruzo unapotea. Hapo hakuna ugonjwa. Vivyo hivyo, wazo baya likipita kichwani bila wewe kulikaribisha, au hasira ikikupanda ghafla, hicho ni kishawishi, na kishawishi peke yake siyo dhambi. Yesu mwenyewe alijaribiwa jangwani. Bana breki, songa mbele.

Kelele ya pili ni ule mlio mwembamba wa kuchoma masikio unapofunga taratibu. Mara nyingi ni vumbi, au uso wa pedi umekuwa laini na kung'aa kwa joto. Ninafungua, ninasafisha, ninapitisha msasa kidogo, ninarudisha. Hizi ni zile dhambi ndogo tulizozizoea: uongo mwepesi kwenye simu ("niko njiani," na bado uko kitandani), umbea, kejeli kwa mdogo wako. Hazijavunja urafiki wako na Mungu, lakini zinaufanya uso wa moyo uteleze. Zinahitaji kusafishwa mara kwa mara, zisigande.

Kelele ya tatu ni mkwaruzo mzito, chuma kwa chuma. Hapo nyama ya pedi imekwisha kabisa. Ilitakiwa kubadilishwa ilipofika kama milimita 2. Sasa bati la nyuma linaikata diski. Kila kilomita unayoongeza unaharibu kitu cha bei kubwa zaidi. Mteja wa namna hii simwambii aje kesho. Kanisa linatufundisha, katika Katekisimu namba 1857, kwamba dhambi ya mauti ina mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe ni zito, unalijua, na umelikubali kwa hiari. Kama ndivyo ilivyo kwako, usisubiri Pasaka. Mtafute padre wiki hii.

Kelele ya nne inawachanganya wengi. Inalia hata usipobana breki, na ukifungua unakuta pedi ni nzima. Chanzo kiko kwingine: pistoni ya kalipa imeganda, boliti imelegea, au ni beringi ya gurudumu na breki inasingiziwa tu. Na hapa ninaongea na wewe uliyefanyiwa ubaya na mtu mwingine, labda ukiwa mtoto, ukabeba aibu yake mpaka leo kana kwamba ni yako. Hiyo kelele ni ya kweli, inauma kweli, lakini dhambi siyo yako. Usiiungame kama kosa lako. Mweleze mtu mzima unayemwamini, akusaidie kupata msaada na haki. Mungu hakudai deni la mwingine.

Humu humu wapo pia wenye wasiwasi wa dhamiri, wanaoungama leo na kesho wanajiuliza kama waliungama vizuri. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliteswa na jambo hilo hilo kule Manresa, mwaka 1522. Alikuwa ameungama, na bado akawa anarudi kwenye dhambi zile zile za zamani bila kupata amani. Njia ya wenye hali hii ni kuwa na padre mmoja, kumsikiliza, na kumtii akisema, "Hilo limekwisha."

Kelele yako ifungue leo usiku

Fundi hatambui tatizo akiwa amesimama mbali. Lazima afungue. Katekisimu namba 1454 inatuambia tujiandae kwa kitubio kwa kuchunguza dhamiri katika mwanga wa Neno la Mungu. Inyasi alituachia njia yenye hatua tano, na inatosha dakika kumi na tano kabla ya kulala, simu ikiwa mbali.

Mshukuru Mungu kwa mema ya siku hiyo. Omba mwanga wa kujiona kama Yeye anavyokuona. Ipitie siku yako saa kwa saa, tangu ulipoamka: ulikuwa na nani, ulisema nini, ulifungua nini kwenye simu. Omba msamaha kwa yaliyoharibika. Amua jambo moja la kesho. Moja tu, na liwe na jina. "Nitakuwa mtu bora" halishikiki. "Kesho nitamrudishia dada ile elfu kumi yake" linashikika.

Anza na shukrani, usiruke. Anayeanza na makosa anachoka njiani, lakini anayeanza na wema wa Mungu anapata nguvu ya kuyatazama makosa yake.

Na ukifika kitini pa kitubio, sema jambo lenyewe kwa jina lake. Mteja anayeniambia "haiko sawa tu, fundi, we angalia" ananipotezea muda. Padre naye hawezi kukusaidia kwa "nimekosa kosa kama binadamu." Usimwogope. Yuko chini ya siri ya kitubio, hatamwambia mtu yeyote, na siyo wewe wa kwanza kumletea hilo.

Pedi mpya nazo hulia

Nikishaweka pedi mpya huwa ninamwonya mteja: "Usishangae ikilia kidogo siku za mwanzo. Pedi na diski bado hazijazoeana. Endesha kwa utaratibu, bana polepole, usifunge ghafla bila sababu." Wasiosikia wanarudi jioni: "Fundi, umenipiga, bado inalia!"

Vijana wengi wanakata tamaa hapo hapo. Ameungama Jumamosi, Jumatatu tamaa ile ile imerudi, anasema kitubio hakikufanya kazi. Kilifanya kazi, ndugu yangu. Dhambi imeondolewa, lakini mazoea yanahitaji muda. Nenda polepole. Epuka zile njia unazojua zina mteremko mkali: yule rafiki, ile saa ya usiku, lile kundi la simu. Ukianguka, rudi. Gereji ya Mungu haifungwi.

Na grisi? Haikosi mahali pake. Kwenye pini zinazoteleza za kalipa tunapaka kidogo, ili zicheze vizuri na kurudi. Faraja nayo ina mahali pake: muziki, marafiki, kicheko, mapumziko, vyote ni zawadi. Viweke vinapostahili. Kwenye uso wa pedi, mahali ambapo ukweli unakutana na maisha yako, usiruhusu kitu kitelezeshe.

Nimalizie hivi. Mlio unaokukera wiki hii unaweza kuwa Mungu anayekupenda kiasi cha kutokukuacha uende kimya kimya kwenye mteremko. Usimwombe aondoe kelele kabla hajakuonyesha chanzo.

Tusali: Bwana Yesu, unaijua barabara niliyomo na mwendo nilio nao. Nifungue unitazame. Nionyeshe kilichoisha, safisha kilichoshika vumbi, niondolee aibu isiyokuwa yangu. Unipe moyo unaoweza kusimama unaponiambia simama, na kwenda unaponiambia nenda. Amina.