Kumlilia Okapi

Hapa Bunia, mji uliowapokea maelfu waliokimbia vita, huulizwa kwa uchungu iwapo ni halali kumlilia mnyama ilhali wanadamu wanazikwa, na swali hilo silidharau. Lakini tarehe 24 Juni 2012, waasi wa Mai-Mai walipoishambulia Epulu, makao ya hifadhi ya okapi iliyoasisiwa mwaka 1992, dhuluma ile ile iliyowaua walinzi na raia ndiyo iliyowaangamiza okapi wote 14 waliotunzwa pale. Ahadi aliyopewa Nuhu baada ya gharika, kwa mujibu wa Taurati, iliwajumuisha viumbe wote waliotoka safinani. Basi sioni kwa nini huruma yetu iwabague. Na Wambuti, wenyeji wa msitu anamoishi okapi, waliomjua mnyama huyo dahari nyingi kabla wataalamu wa Ulaya hawajampa jina mwaka 1901, ndio wastahiki kuulizwa kwanza jinsi msitu wao utakavyohifadhiwa.