Mali, Kitu na Usawa

Mwalimu amfundishapo mwanafunzi kutatua mlinganyo, humpa sharti moja: utakalolifanya upande huu, lifanye na upande wa pili. Sharti hili lina sura ya haki, na aghalabu mtoto hulipokea hivyo, kana kwamba mizani ya dukani imehamia ubaoni. Lakini je, kuzitendea pande mbili sawasawa ndiko kuzitendea haki?

Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika enzi ya Khalifa al-Ma'mun (813–833), hakutumia herufi. Kisichojulikana alikiita kitu. Na kitu kikizidishwa kwa chenyewe alikiita mali, neno lile lile ambalo Mswahili hulitumia kwa milki yake. Mfano wake mmoja wasema: mali moja ni sawa na vitu 40 kasoro mali 4. Kasoro ile ndiyo jeraha. Al-jabr ni kuunga, kama uungwavyo mfupa uliovunjika: kila upande huongezwa mali 4, kasoro ikatoweka, zikawa mali 5 mkabala na vitu 40. Kitu basi ni 8, na mali ni 64. (Hilo neno mkabala nalo lina asili moja na al-muqabala, kanuni ya pili katika jina la kitabu.)

Sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu wasia na mirathi. Hapa pana jambo la kuzingatiwa: usawa wa pande mbili ulitumiwa kugawa mafungu yasiyo sawa. Mlinganyo haumwambii kadhi nani arithi. Humwambia tu, haki ikishajulikana, kila mmoja apate kiasi gani.

Tena usawa wenyewe waweza kuangamiza. Zidisha pande zote mbili kwa sifuri: sifuri ni sawa na sifuri, hakuna aliyepunjwa, na kitu kilichokuwa kikitafutwa kimepotea kisirudi. Mtawala awanyimaye raia wote kauli, kisha akajisifu kwamba hakubagua, ameifanya hesabu hiyo.

Jometri yauliza vingine: umbo likigeuzwa, ni nini kibakicho? Uhamisho, mzunguko na uakisi huacha urefu na pembe kama vilivyokuwa. Ukuzaji huziacha pembe, urefu ukabadilika. Kanga yalifafanua jambo hili kuliko ubao. Izungushe nusu duara, na jina lake lasomeka kwa aliyesimama upande wa pili. Iakisi kiooni: pindo na mji aghalabu havibadiliki sura, kwa kuwa nusu zake zimefanana, lakini jina halikubali. Herufi zimegeuka kinyume, ingawa nafasi baina yao haikupungua hata unywele. Apimaye kwa rula atasema hakuna kilichoharibika. Aliyenunuliwa kanga ile kwa ajili ya maneno yake atasema vingine.