Kijana Anapokataa Chakula, Je, Ni Kiburi?



Tuseme mnaishi Kawangware, watu watano katika chumba kimoja. Baba ametoka kazi ya mjengo, mama ametoka kuuza mboga. Ugali na sukuma wiki viko tayari. Kijana wenu wa miaka 15 anasema ameshiba. Kesho atasema anafunga. Baba anafoka: "Sisi tunahangaika, wewe unachezea chakula!" Mama anamtetea. Mwishowe mnagombana ninyi wawili, na sahani bado imejaa.

Je, kijana huyu ana hatia? Mahali ambapo wengine hulala njaa, ni rahisi kusema anayo. Lakini mtu hulaumiwa kwa jambo alilo na hiari nalo. Wako vijana wanaoanza kwa kujinyima kidogo, kisha hofu ya kunenepa huwateka, hata wakitaka kula wanashindwa. Huo ni ugonjwa.

Wengi hudhani ni ugonjwa wa wasichana tu. Sivyo. Daktari Mwingereza Richard Morton alipoandika mwaka 1689 juu ya wagonjwa wawili wa namna hii, mmoja alikuwa mvulana wa miaka 16. Hata hivyo, mpaka mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulitaja kukosa hedhi kuwa moja ya dalili zake. Mvulana angetambuliwaje hapo?

Na kufunga je? Sheria ya Kanisa ya kufunga huwabana waliotimiza miaka 18, nayo hukoma mtu anapoanza mwaka wake wa 60. Tena mfungo una siku zake, na ukiisha mtu hula kwa furaha. Anayeogopa chakula kila siku hafungi, anaumwa.

Basi, kwanza pataneni ninyi wawili, ndipo mzungumze naye. Msimpige, wala msiutanie mwili wake. Angalieni: je, nguo zinampwaya? Anahisi baridi na kizunguzungu? Anatapika kwa siri, au anafanya mazoezi kupita kiasi? Mkiona hayo, mpelekeni hospitali mapema, kwa maana hata moyo hudhoofika. Kama amekaa muda mrefu bila kula vizuri, msimshindilie chakula kingi ghafla, ni hatari. Daktari atawapa kipimo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto wenu akikataa sahani hiyo, msidhani ameukataa upendo wenu. Nendeni naye kwa daktari, baba na mama pamoja.