Hesabu Zilikuwa Sahihi

Tarehe 8 Mei 1962 ndiyo siku ya mwisho trolibasi kubeba abiria London. Lilikuwa basi lisilo na reli, linalokwenda kwa umeme wa nyaya zilizopita juu ya barabara. Mtandao huo ulianzia upande wa Twickenham mwaka 1931, ukakua hadi kuwa mkubwa kuliko wote duniani.

Juu ya paa la basi palikuwa na fito mbili ndefu zilizogusa nyaya. Mara nyingine, kwenye kona au njia panda, zilichomoka na basi likakwama palepale. Hapo kondakta alishuka, akavuta mwanzi mrefu uliolazwa chini ya basi, akaanza kuzirudisha fito kwenye nyaya, moja kisha nyingine, magari yakijazana nyuma yake. Adha hiyo kila mtu aliiona, na kila mtu alikuwa na la kusema. Moshi ambao haukuwapo nani angeuona?

Uamuzi wa kuyaondoa mabasi hayo na kuweka ya dizeli mahali pake ulitangazwa mwaka 1954. Desemba 1952 ukungu mchafu ulikuwa umelifunika jiji kwa siku tano na kuua watu wanaokadiriwa kufika 4,000, na wengine husema zaidi. Mkosaji mkuu alikuwa makaa ya mawe, sawa. Lakini kuongeza dizeli juu ya hayo?

Wakubwa wa usafiri hawakudanganya. Nyaya na mitambo ya umeme vilikuwa vimechakaa, na kuvifanya upya kungekula fedha nyingi. Basi la dizeli hupita popote penye barabara. Hesabu zao zilikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonikera. Bei ya waya ilijulikana hadi senti. Kifua cha mtoto anayeishi kando ya barabara hakikuwa na bei, basi kikahesabiwa kuwa bure.

Nisiyapambe mno mabasi hayo. Sehemu ya umeme wake ilizalishwa kwa makaa kule Greenwich, na Greenwich nako wanaishi watu. Afadhali hata hivyo bomba moja refu la moshi kuliko maelfu yanayopita mlangoni.

Mwaka 2019 jiji hilohilo lilianza kuwatoza ada wenye magari yanayochafua hewa. Yale mabasi ya umeme yaliyokuwa mapya zaidi, 125, yalikuwa yameuzwa Hispania tangu zamani, yakaendelea kupiga kazi huko kwa miaka mingi.