Kalamu Isiyo na Mwenyewe

Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Maisha ya mtu nayo ni mali. Huko Marambo, katika Nachingwea na Ruangwa, wamo bado wazee wachache walioona kwa macho ya utoto misitu iking'olewa kwa ajili ya ule Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Walisikia pia mlio wa gari moshi, ambalo reli yake haipo tena. Wakifa bila kuandika, wajukuu watarithi nini ila uvumi? Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Walivuna mengi, lakini mashahidi wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Basi yafaa kila mzee ashike daftari. Lakini ataanzaje? Wako wanaoshauri: Acha mkono uende wenyewe, wala usifikiri. Shauri hili si geni. Katika karne ya 19, huko Marekani na Ulaya, watu waliodai kusema na wafu walishika kalamu, wakaamini kwamba roho za marehemu ndizo ziandikazo. Na mwaka 1917 Kanisa liliwakataza waamini kuhudhuria mikutano ya namna hiyo. Mwaka 1919 washairi wawili wa Paris, André Breton na Philippe Soupault, waliandika vivyo hivyo bila kuita roho yoyote. Nao wataalamu wa nafsi wameonyesha kwamba misuli ya mtu yaweza kutenda pasipo yeye kujitambua. Mgeni hayupo, mwandishi ni yule yule.

Je, ni kosa kuacha kumbukumbu zije zipendavyo? La. Kosa ni kusema: Si mimi, ni mkono.

Tufikiri mfano. Mzee ajua kwamba bibi yake, mzaa mama, aliletwa akiwa mateka, siku zile misafara ya watumwa ilipotoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa. Jirani hawajui. Kwa desturi ya Wamwera ukoo hufuata upande wa mama. Kwa hiyo neno hilo lawagusa dada zake na watoto wao wote. Mkono uendao wenyewe utaimwaga siri hiyo, au utaipita kwa hofu. Na kwa vyovyote hapatakuwa na mtu wa kuulizwa. Mwenye kuandika kwa dhamiri atatafakari: Ni kweli? Ni aibu ya nani? Ataona kwamba aliyetendewa uovu hana aibu. Aibu ni ya mtendaji. Hapo ataandika, lakini kwanza atawaita dada zake awaambie kwa kinywa. Na makosa yake mwenyewe asiyafunike.

Mtakatifu Augustino wa Hippo, mwana wa Afrika, hakuridhika na kuungama maisha yake kwa kalamu. Karibu na mwaka 427, akiwa na umri wa miaka 70 na zaidi, alivisoma tena vitabu vyake kimoja kimoja, akionyesha alipokosea.

Basi, wazee wetu, acheni kalamu ikimbie asubuhi. Jioni isomeni kazi yake, futeni uongo, kisha tieni sahihi. Mjukuu atakayeuliza, "Nani asema haya?" apate jibu: Ni babu.