Mashine ya Kufua na Karai la Bwana Yesu



Tuchukue mfano wa bwana mmoja anayeishi mjini na mkewe na watoto wanne. Kila Jumamosi mke huyu huamka kabla ya jua, akajaza makarai matatu, akafua sare za shule, mashuka na nguo za kazi hadi adhuhuri. Mgongo unamwuma. Mumewe ameliona jambo hili na moyo wake umeguswa. Bila kumwambia mtu, anachukua mkopo katika chama cha akiba, ananunua mashine ya kufua na kuileta nyumbani kwa pikapu.

"Mama, leo nimekutua mzigo," asema kwa furaha.

Mke anaitazama mashine, kisha anauliza kwa upole, "Asante, Baba Watoto. Lakini maji yatatoka wapi?"

Mume anakasirika. Ameingia deni kwa ajili yake, na badala ya kufurahiwa anaulizwa swali! Usiku huo wanalala wamepeana migongo, na mashine ingali ndani ya sanduku lake.

Ndugu msomaji, ni nani aliyekosa hapa? Mume amependa, hilo hatuwezi kulikana. Lakini ameamua peke yake jambo la watu wawili. Na swali la mkewe halikuwa la dharau. Yeye ndiye anayejua kwamba mfereji wao hutoa maji siku mbili tu kwa juma. Abebaye mzigo ndiye ajuaye uzito wake. Basi aulizwe kwanza.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, kaeni pamoja jioni moja, mkiwa na karatasi na kalamu, mkazungumze haya.

Kwanza, maji. Mashine yenye mlango wa mbele hutumia lita 50 hivi kwa kufua mara moja, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20. Zile zinazofunguliwa juu mara nyingi hutumia zaidi. Tena maji lazima yaingie kwa nguvu, kwa hiyo tangi liwe juu. Penye mgao wa maji, mashine ya matangi mawili, ambayo huweza kujazwa kwa ndoo, yaweza kuwafaa kuliko ile ya bei ghali.

Pili, stima. Mwiteni fundi anayejua kazi yake, aweke plagi yenye waya wa kuingia ardhini. Maji na stima ni majirani wa hatari, na watoto wenu watacheza hapo. Kumbukeni pia kwamba kinachokula stima zaidi ni kupasha maji moto. Nguo nyingi hutakata kwa maji baridi.

Tatu, mahali pa kuiweka. Sakafu iwe sawasawa, na maji machafu yawe na njia ya kutoka. Zile boliti za nyuma zinazolishika pipa lisicheze safarini zitolewe kabla ya kuiwasha, la sivyo mashine itarukaruka na kuharibika. Kisomeni kijitabu chake ninyi wawili, wala asibaki mmoja kuwa ndiye mwenye mashine.

Nne, mama fua. Kama kuna mama anayekuja kuwafulia, na watoto wake wanakula kwa jasho hilo, asije akajua habari siku atakapokuta hahitajiwi tena. Mwambieni mapema. Mlipeni haki yake yote, na mkiweza mtafutieni kazi nyingine. Mtume Yakobo anatuonya kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Raha ya nyumba yenu isianze kwa machozi ya nyumba nyingine.

Sasa tuseme haya yote yamefanyika na mashine inafua vizuri. Je, mzigo umetuliwa? Mashine haiokoti soksi chini ya kitanda. Haianiki, haikunji, haipigi pasi. Katika barua yake juu ya kazi, Laborem Exercens, ya mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba mitambo ni msaidizi wa mwanadamu. Humo humo aliwakumbuka wanawake wanaobeba taabu ya nyumba kila siku, pengine bila kutambuliwa hata na jamaa zao wenyewe. Mama huyo akinunuliwa mashine, kisha akaachwa nayo peke yake, bado hajatambuliwa.

Mtazameni Bwana wetu usiku ule wa Alhamisi Kuu. Miguu ya wanafunzi ilikuwa na vumbi, na kuiosha ilikuwa kazi ya mtumwa. Yesu hakutafuta mtu wa kumtuma. Alivua vazi lake, akajifunga kitambaa, akamimina maji karaini kwa mikono yake mwenyewe. Petro aliona aibu, kama vile baba wengine wanavyoona aibu jirani akiwakuta kwenye kamba ya nguo. Lakini Bwana aliwaagiza wafanyiane vivyo hivyo.

Basi wewe baba, mkeo akikuuliza maji yatatoka wapi, usikasirike. Mjibu, "Sijui, Mama. Njoo tuhesabu pamoja." Nawe mama, shukuru kwanza kwa moyo uliokuona, ndipo muhesabu. Na mkiipata ile asubuhi ya Jumamosi, msiijaze kazi mpya. Kaeni, mnywe chai, mzungumze kama mlivyozungumza mlipokuwa wachumba.

Na kama fedha za mashine hazipo, Jumamosi hii makarai yapo. Baba, kunja mikono ya shati.

Mungu azibariki nyumba zenu.