Mdogo Wake Antoni

Watu wakimsimulia mtawa Antoni Abate, huanza na nyika alikojitenga. Mimi huanza na mdogo wake wa kike. Wazazi wao walifariki huko Misri, katika karne ya 3, Antoni akiwa kijana wa miaka 18 au 20, wakawaachia shamba lenye rutuba la aroura 300, yaani karibu eka 200. Antoni akasikia kanisani Injili ya tajiri aliyetakiwa kuuza vyote. Shamba akawapa wanakijiji, vyombo akauza, fedha zikaenda kwa maskini. Kidogo tu akambakizia binti. Siku nyingine akasikia Injili ya kutoisumbukia kesho, akatoa na hicho kidogo. Binti akakabidhiwa kwa mabikira, kaka mtu akashika njia yake. Baadaye sana walikutana, binti kazeeka, anawaongoza mabikira wenzake, kwa hiyo huenda maisha yale aliyapenda. Lakini hatusomi popote kwamba aliulizwa. Askofu Athanasio, aliyeandika maisha ya Antoni, hata jina la binti hakulitaja.

Sisemi haya kwa kubeza, maana nyika inaniita na mimi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, na dirisha la ofisi yetu linatazama milima ya Uluguru. Simu ikilia kwa ujumbe mwingine wa mchango wa harusi, madaftari ya Kidato cha Pili yakiwa yamenirundikia mezani, macho hupanda yenyewe hadi Morningside, kwenye lile jumba la Wajerumani. Najijengea kibanda. Mbuzi, mboga, Rozari, usingizi. Kwenye kibanda hicho hakuna mtu mwingine, na hapo ndipo ninapojishtukia. Wanawake wa huko juu nawakuta asubuhi Soko la Chifu Kingalu, wameshuka gizani na ndizi kichwani, wanahesabu noti za sare za watoto. Hakuna aliyewaambia kwamba wanaishi kwenye utulivu.

Mwanazuoni wa Kiislamu, Al-Ghazali, namwelewa zaidi. Mwaka 1095 alikuwa akifundisha chuo cha Nizamiyya, Baghdad, mara ulimi ukagoma darasani, chakula hakipiti kooni, matabibu wakakata tamaa. Akaaga kwamba anakwenda Makka, kumbe moyoni anakusudia Sham. Mali akaigawa, ila ya kuwatunza watoto akaiweka kando. Huko Sham, mjini Dameski, akawa anapanda mnara wa msikiti na kujifungia humo kutwa. Anaeleza mwenyewe kwamba wito wa watoto ulimvuta arudi kwao, na kwamba tangu hapo faragha aliipata kwa vipindi tu, shughuli za nyumba zikimkatisha. Hakuacha kuitafuta.

Mume wangu, nikimweleza haya, hunihimiza: nenda, Mama Neema, hata mwezi mmoja, sisi tupo. Tunaishi na mama yake, ana presha, na dawa zake ni saa mbili usiku kila siku. Nikamwuliza kama ataweza kumpa. Akasema, "Hilo tu?" Kisha akauliza dawa zenyewe huwa zinawekwa wapi.